Fidget au squirm?

Ukiyafasiri maneno haya mawili ya Kiingereza kuwa "kutotulia", hujakosea, lakini umepoteza kilicho kizuri zaidi ndani yake.

Fidget ni la viungo vidogo. Mwanafunzi anabofyabofya kalamu, anatikisa mguu chini ya dawati, anachezea kifungo cha shati, ilhali kiwiliwili kimetulia. Chanzo ni uchovu wa kusubiri, wasiwasi au mazoea tu. Mara nyingi hufuatwa na with: she fidgeted with her ring. Vile vichezeo vya kuzungusha vidoleni vilivyovuma mwaka 2017 vikaitwa fidget spinner.

Squirm huchukua mwili mzima: kiuno, mgongo na mabega vinajinyonganyonga, kama mtoto asiyetaka kubebwa. Lakini nguvu yake hasa iko kwenye aibu. Mwanasiasa aliyebanwa kwa swali mbele ya kamera huandikwa kwamba he squirmed, hata kama hakusogea kitini. Andika fidgeted hapo, na msomaji ataona vidole tu. Fedheha yote imetoweka. Kwa habari za mahojiano makali, mimi nachagua squirm bila kusita.

Anayesubiri zamu yake kwa daktari wa meno, fidget. Akishakalia kile kiti, squirm.