Kutoka daftari la visima hadi nukta kwenye ramani: uzoefu wangu na QGIS hapa Kigoma

Mwaka wa tatu huu natumia QGIS, programu ya kompyuta ya kutengeneza ramani, na kazi yangu humo ni ileile kila wiki: nachukua jedwali la vituo vya maji na kuligeuza kuwa nukta kwenye ramani. Nipo Kigoma mjini, nasaidia jumuiya za watumia maji kuanzia Gungu na Ujiji hadi vijiji vya njia ya Kasulu. Vijana wanazunguka na simu au GPS ya mkononi, wanaandika jina la kituo, aina ya pampu, kama inatoa maji au imekufa, na koodineti zake, yaani latitudo na longitudo. Jioni daftari linafika mezani kwangu.

Programu ni ya bure, na ukishaipakua haikudai intaneti kutengeneza nukta. Kwa sisi tunaonunua bando la siku, hilo ni jambo kubwa. Laptopu yangu ni ya zamani lakini inaibeba vizuri, hata jedwali likiwa na mistari elfu kadhaa.

Kazi yenyewe ni fupi. Jedwali unalihifadhi kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, unafungua menyu ya leya (tabaka la ramani), unachagua kuongeza leya ya maandishi, unaonyesha faili lilipo. Kisha unaiambia kolamu ipi ni X na ipi ni Y. Hapa wengi wanajikwaa, maana tumezoea kutamka latitudo kwanza, ilhali X ni longitudo na Y ni latitudo. Ukizigeuza, visima vya Kigoma utavikuta Sahara, huko Moroko na Aljeria zinakopakana. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo, Ujiji inaruka ikweta na kutua karibu na mji wa Maridi, Sudan Kusini. Makosa haya mawili hayanitishi, kwa sababu nukta iliyoenda nchi nyingine unaiona papo hapo. Ninayoogopa ni yale yanayobaki mkoani mwetu.

Kwa mfano, GPS moja ilikuwa imewekwa isome nyuzi, dakika na sekunde. Kijana akaona 4°52'36", akaandika 4.5236. Hesabu sahihi ni 4 na 52 gawanya kwa 60 na 36 gawanya kwa 3600, yaani 4.8767. Tofauti hiyo ni kilomita 39 hivi. Kituo cha mjini kikaenda kaskazini kupita Gombe, kukaribia Burundi, na kwa mtu asiyekijua kilionekana kituo halali kabisa. QGIS ina kisanduku cha kuteua kama koodineti zako ni za nyuzi, dakika na sekunde, lakini lazima daftari liwe limeziandika hivyo.

Kubwa zaidi kwa watu wa mkoa huu ni zoni za UTM, mfumo unaotaja mahali kwa mita badala ya nyuzi na kuigawa dunia vipande vya nyuzi sita sita. Mpaka wa zoni ya 35 na ya 36 ni longitudo ya nyuzi 30, na mstari huo unapita ndani ya mkoa wetu. Kigoma mjini na Ujiji ziko magharibi yake, kwenye 29.6 hivi. Kasulu, Uvinza na Kibondo ziko mashariki. Kwa hiyo kipimo cha mashariki (X ya UTM) cha Ujiji kinasomeka mita 790,000 na kitu, ukifika Kasulu kinashuka ghafla hadi 170,000 na kitu, kwa sababu zoni mpya imeanza kuhesabu upya. Mara ya kwanza nilizipakia zote pamoja kama zoni ya 36. Kasulu ikakaa mahali pake vizuri. Ujiji yote ikahamia jirani na Kondoa, nyuzi sita upande wa mashariki! Nilikaa na lile tatizo siku mbili, nikidhani vijana wameandika ovyo, kumbe daftari lao lilikuwa safi. Niliwaomba radhi.

Tangu hapo kila kifaa tunakiweka kisome nyuzi za desimali kwa WGS 84, kipimo cha dunia kinachotumiwa na GPS, na kwenye QGIS nachagua mfumo wenye namba EPSG:4326, ambayo ndiyo namba yake ya orodha. Ukirithi data ya UTM, itenge mafaili mawili, moja lipe namba 32735 (zoni ya 35 kusini), jingine 32736 (zoni ya 36 kusini), ndipo uziunganishe leya. Na kama namba zimetoka kwenye ramani za karatasi za zamani, uliza kwanza kama ni Arc 1960, kipimo cha zamani cha Afrika Mashariki, maana ukizichukulia kuwa WGS 84 kila kitu kinasogea mita 300 hivi.

Excel nayo iangalie. Kolamu ikipangwa kuonyesha desimali mbili, faili la CSV linabeba hizohizo mbili. Desimali mbili ni kilomita moja na ushee. Nilijionea visima vitano vya Gungu vimekaa juu ya nukta moja, wakati kila kimoja kina mtaa wake na foleni yake ya ndoo. Siku hizi napanua hadi desimali sita kabla ya kuhifadhi.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba leya inabaki imeshikamana na faili. Ukisahihisha CSV na kuipakia upya leya, nukta inasogea. Ndiyo maana siharakishi kuihamishia kwenye GeoPackage, faili la kudumu la ramani, nasubiri hadi wenyeji waione.

Juzi nilibeba laptopu hadi kwenye kikao cha kamati, kijiji cha bonde la mto Luiche. Mama mmoja mweka hazina akaitazama ramani, akaniambia, "Mwanangu, kisima chetu mmekivusha mto. Sisi tunachota upande huu."

Nikafungua daftari palepale. Tarakimu ya tatu baada ya nukta ilikuwa 1, mimi nilikuwa nimeisoma 7. Mita 660 hivi, basi. Fundi angeweza kutumwa na vipuri vyake hadi ng'ambo, akarudi bila kuikuta pampu, na kina mama wangeendelea kuchota mtoni. Nikasahihisha, nikahifadhi, nikaipakia upya leya mbele yake. Nukta ikavuka mto. Mama akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapo sasa," akasema. "Na kile cha shuleni umekiandika wapi?"