Mawese ya Kigoma, dumu la lita 5: mafuta safi, lebo ya uongo

Mimi mzaliwa wa Ujiji, na baiolojia nimeifundisha miaka kumi na tisa, kwa hiyo kwenye mawese hunidanganyi. Dumu hili nimelinunua Buguruni, shilingi 28,000.

Harufu ni ileile ya kwetu. Asubuhi ya kwanza nikakuta yamejitenga: chini mazito kama uji, juu mekundu mepesi. Jirani akasema nimeuziwa yaliyochakachuliwa. La hasha, hivyo ndivyo mawese yalivyo! Karibu nusu ya asidi zake za mafuta, hasa palmitiki, zimenyooka kama vijiti, zinapangana na kuganda. Nyingine, hasa oleiki, zimepinda, hazipangiki, zinabaki majimaji. Yangekuwa ya alizeti yasingeganda.

Kero yangu ni lebo: “Hayana lehemu, salama kwa moyo.” Lehemu, yaani kolesteroli, ni habari ya wanyama, kwa hesabu hiyo hata maji ya bomba hayana. Halafu lehemu yenyewe si sumu. Ini linaitengeneza lenyewe kila siku, maana bila hiyo hakuna nyongo, hakuna homoni za uzazi, na ngozi haina cha kugeuza vitamini D juani. Ila ile nusu inayoganda ndiyo inayopandisha lehemu mbaya kwenye damu. Mzee wangu, mwenye presha, aliposoma “salama” akajimiminia kwenye maharage kama mchuzi. Nikamnyang'anya kijiko.

Muuzaji naye akanishauri niyachome kwanza mpaka wekundu uishe. Jamani! Wekundu ndiyo karotini, mwili unaigeuza vitamini A. Ukiyachoma mpaka yawe meupe, umebaki na kalori tu, 9 kila gramu.

Kifuniko kinavuja. Kanga yangu imepata doa ambalo maji hayakuligusa, nikaliwezea kwa sabuni ya mche: upande mmoja wa sabuni hupenda maji, mwingine hushika mafuta. Fosfolipidi zinazojenga utando wa kila seli mwilini zina tabia hiyohiyo. Kidato cha tano wangenielewa haraka kama ningekuwa na kanga ile darasani.

Migebuka niliyopika kwa vijiko viwili vya mawese haya, na ugali wa muhogo, watoto walilamba sahani. Nitanunua tena. Ila nitakwenda na dumu langu.