Matoazi mawili kuukuu Lubumbashi: lipi linastahili bei yake?

Mpiga ngoma wa kwaya yetu, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, aliletewa matoazi mawili ya inchi 20: Zildjian lenye kutu ya kijani kwa dola 150, na Paiste 2002 (2002 ni jina la modeli, si mwaka) linalong'aa kwa dola 120.

Jina Zildjian hupandisha bei. Ukoo huo ulifungua karakana yake ya matoazi Istanbul mwaka 1623, na kiwanda cha Marekani kikaja 1929. Nikalining'iniza toazi kwenye kidole, nikapitisha ukucha ukingo mzima. Mahali pamoja ukucha ukakwama: ufa wa sentimita 2, umejaa uchafu. Tundu la katikati nalo limelika upande mmoja. Shaba yake, iliyochanganywa na bati asilimia 20, ni ngumu lakini hupasuka. Ufa hurefuka kadiri linavyopigwa, na fundi akilichomelea sauti inaharibika.

“Papa, hili ni la zamani sana!” akasema muuzaji.

“Na ufa wake ni wa zamani pia, papa.”

Kwangu lisizidi dola 50.

Paiste lina bati asilimia 8 tu. Sauti yake ni kali, kwa rumba mimi naiona kali mno, ila kwenye kwaya yenye spika kubwa inapenya. Limesuguliwa hadi maandishi yamefutika nusu. Mkusanyaji angekunja uso. Sisi tunalitaka la kupiga. Tundu bado la mviringo, ukingo mzima. Tulimpa dola 100, akanung'unika, akazipokea.