TAHADHARI: Farasi wa "14.8" wanaotangazwa Mafinga, Makambako hadi Uyole

Wakuu, kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya mifugo ya Iringa na Mbeya. Farasi wa kupanda, "urefu 14.8", mwingine "14.5", mwingine "14.2", tuma advansi kwa simu uletewe. Usitume hata shilingi kabla hujasoma hapa.

Urefu wa 14.8 haupo. Farasi hupimwa kwa viganja (kwenye matangazo utaona herufi hh), na kiganja kimoja ni inchi 4, yaani sentimita 10.16. Tarakimu iliyo baada ya nukta ni inchi zilizobaki, kwa hiyo inaishia 3: 14.1, 14.2, 14.3, kisha 15. Anachofanya muuzaji ni kuchukua sentimita 148 na kuchomeka nukta. Mnunuzi anadhani mnyama anakaribia viganja 15, ambavyo ni sentimita 152.4, kumbe yuko 14.2 na robo inchi. Kwa kanuni za mashindano ya kimataifa, sentimita 148 bila nali (vyuma vinavyopigiliwa kwatoni) bado ni poni, yaani farasi mfupi.

Huyo wa "14.2" ndiye hatari zaidi, kwa sababu namba yenyewe ni halali. 14.2 ya kweli ni inchi 58, sentimita 147.3. Wa kwake ana sentimita 142, hajafika hata viganja 14. Hapo umelipia sentimita 5 za hewa.

Picha zake nazo zisikudanganye. Miguu ya mbele iko upande wa juu wa mteremko, na kwetu huku miteremko haikosekani. Simu imeshikwa chini usawa wa magoti, aliyeshika kamba kasimama nyuma ya mnyama. Kwenye video moja tepu ya fundi imelazwa kwenye ngozi kufuata mbavu na bega. Hicho ni kipimo cha nguo. Urefu ni mstari ulionyooka kutoka chini hadi juu ya mabega.

Nenda mwenyewe, na umpimie kwenye sakafu ya zege iliyokaguliwa kwa pimamaji. Nali zitolewe, maana huongeza kama sentimita moja, na kwato zilizorefuka zipunguzwe kwanza. Miguu ya mbele isimame wima, ncha za kwato zikiwa sambamba. Akiitanua, kipimo kinashuka. Kichwa kiwe katika hali yake ya kawaida, kisivutwe juu wala kuinamishwa. Tafuta kwa vidole mfupa ulio juu kabisa pale shingo inapoishia juu ya mabega, sogeza singa pembeni, kisha shusha mkono wa fimbo ya kupimia hadi uguse mfupa. Huna fimbo hiyo? Mbao iliyonyooka yenye tepu iliyogongelewa, skwea ya fundi na pimamaji juu yake vinatosha. Mnyama aliyeshtuka hukaza misuli na namba inayumba, kwa hiyo mwache atulie, rudia mara tatu.

Kama unamtaka kwa kubeba watalii, urefu peke yake hautoshi hata ukiwa wa kweli. Zungushia tepu kifuani nyuma ya miguu ya mbele upate mzingo, kisha pima kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzingo mara mzingo, mara urefu huo wa mwili, gawa kwa 11,880. Sentimita 160 na 145 zinakupa kilo 312 hivi. Kadirio linalotumika sana ni asilimia 20 ya uzito wake, kwa hiyo huyo abebe kilo 62, tandiko likiwemo. Mtu mzima wa kawaida pamoja na tandiko tayari amezidi.

Ukimbana muuzaji kuhusu urefu atasema "bado anakua". Fungua mdomo wa farasi. Meno ya mbele yakiwa yote ya kudumu, huyo ana miaka 5 hivi au zaidi, hakuna sentimita nyingine ya kusubiri. Tena mwombe kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo wa anakotoka, kabla ya mazungumzo yoyote ya bei.