Daraja la Mto Kwai: nililitazama na shemino mstaafu

Nimeitazama filamu hii mara tatu, na ile ya pili ndiyo inayonifanya niandike. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, nikaona picha ya vita yenye treni inayoanguka mtoni. Mara ya pili niliitazama na Papa, baba yangu, shemino, yaani mfanyakazi wa reli. Papa alitumikia reli zaidi ya miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu hakutoka Makomeno, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, maana anasema bila kusikia mabehewa yakigongana usiku halali vizuri. Yeye hakuona vita. Aliona kazi.

Kwa asiyeijua: ilitoka mwaka 1957, mwongozaji ni Mwingereza David Lean, na hadithi inatokana na riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle. Ilizoa Oscar 7. Ina saa 2 na dakika 41, kwa hiyo pika bukari, yaani ugali, mapema. Mimi niliwekewa kwenye klé (flashi) na kijana mmoja anayeuza filamu sokoni Kenya, mtaa mwingine wa mji wetu, yenye sauti za Kifaransa. Na kwa kuwa imekwisha zeeka hivyo, mwisho wake nitausimulia bila kuomba radhi.

Tuko mwaka 1943, katika msitu wa Burma na Siam, ambayo leo ni Thailand. Wajapani wanajenga reli kwa mikono ya wafungwa wa vita. Kanali Nicholson anaingia kambini na askari wake wakipiga mluzi, viatu vimetoboka lakini miguu inakwenda pamoja. Mkuu wa kambi, Kanali Saito, anaamuru kila mfungwa afanye kazi ya mikono, maofisa nao wakiwemo. Nicholson anatoa kijitabu cha Mkataba wa Geneva: maofisa hawalazimishwi. Saito anampiga usoni kwa kijitabu hichohicho, kisha anamfungia kwenye kibanda cha bati kilichoachwa juani, wenyewe wanakiita tanuri.

Hapo nilijua Papa atamshangilia mzee wa watu. Badala yake akaniuliza:

— Sasa wale askari wadogo, huyu mukubwa haoni shida wao wakichimba?

— Sheria ya vita inaruhusu, Papa.

— Sheria ya nani, mama?

Sikuwa na jibu, na filamu nayo haina. Kwa karibu saa nzima tunaombwa tuteseke pamoja na mtu anayekataa kushika koleo, huku walioshika koleo tangu siku ya kwanza wakiwa ni watu wa kupita nyuma yake. Hata hivyo siwezi kusema sehemu hiyo ni mbaya. Alec Guinness anapotolewa kwenye tanuri na kutembea kwenda kwa Saito, magoti yanamkatalia na mgongo unakataa kuinama. Na Sessue Hayakawa, anayecheza Saito, kwangu ndiye anayeibeba nusu ya kwanza. Daraja lisipokwisha kwa wakati atalazimika kujiua. Analazimika kumwachia Nicholson, kwa kisingizio cha kuadhimisha ushindi wa Japani dhidi ya Urusi mwaka 1905, na nje wafungwa wakishangilia, yeye amejifungia chumbani analia. Filamu ngapi za vita za miaka ile zilimpa adui chumba cha kulilia?

Halafu jambo linageuka. Nicholson anakuta watu wake wanafanya kazi ya ovyo kwa makusudi, na badala ya kufurahi anaudhika. Anaamua daraja lijengwe, tena lijengwe vizuri, kwa sababu jeshi lisilo na kazi linaoza. Fundi wake anamwambia Wajapani wamechagua mahali pabaya, chini ni tope, linahamishwa. Anaambiwa miti ya pale inafanana na ile iliyoshika daraja la zamani la London kwa miaka 600, na macho yake yanawaka. Daktari wa kambi anajaribu kuuliza kama huko si kumsaidia adui. Hasikilizwi.

Papa alikuwa upande wa Nicholson kabisa. Kila nguzo iliposimama alitikisa kichwa kwa kukubali, akanieleza kwa nini boriti za pembeni zimelazwa vile. “Kazi ni kazi,” alisema, “treni haiulizi ni ya nani.” Vitumbula viliisha sahani nzima bila yeye kugeuza macho. Ikafika pale siku zinapopungua, Nicholson ameshawatia hata maofisa wake kazini, wale aliotaka kufa kwa ajili ya mikono yao, na sasa anaingia hospitali ya kambi kuomba wagonjwa wanaoweza kusimama. Anaomba kwa upole, kama padri. Papa akaweka kikombe chake cha munkoyo chini.

— Hapana. Huyu sasa amekuwa kapita.

Msomaji wa Mombasa au Dodoma huenda asilisikie neno hilo kama tunavyolisikia sisi. Kapita ni mwenzenu aliyetolewa kati yenu na kupewa kazi ya kuwasukuma. Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910 na Bukama mwaka 1918, na kambo yake Papa, yaani babu yake, alibeba mataruma kwenye njia hiyo ya Bukama. Aliwaachia wajukuu neno moja: mzungu humwoni, unamwona kapita. Nimesoma makala nyingi juu ya Nicholson, ya wazimu wake, ya heshima yake, ya Uingereza yake. Hakuna iliyonifungulia filamu hii kama neno hilo moja la Papa. Saito katika nusu ya pili karibu anatoweka, hana tena haja ya kupiga kelele. Amepata kapita bora kuliko wote, asiyelipwa na asiyejijua.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote hakina risasi. Daraja limekwisha, jua linazama, Nicholson ameegemea ukingo. Anasema ametimiza miaka 28 jeshini, na kwake nyumbani hajakaa hata miezi kumi yote ukijumlisha. Anajiuliza kama maisha yake yameacha alama yoyote. Kifimbo chake kinamponyoka, kinaanguka mtoni. Basi. Papa akasema, “Rudisha.” Nikarudisha. Akasema tena, “Rudisha.” Hakueleza kitu, nami sikumwuliza, ukutani nyuma yake kuna cheti cha miaka ishirini na tano ya kazi, kioo kimepasuka pembeni tangu tulipohama nyumba.

Nicholson pia anapigilia kibao darajani kinachosema limejengwa na askari wa jeshi la Uingereza. Hapa niingize kisa cha kweli, kwa sababu kinachekesha kwa uchungu. Oscar ya uandishi wa filamu hii alipewa Boulle, ambaye hakuiandika. Walioiandika, Carl Foreman na Michael Wilson, walikuwa kwenye orodha nyeusi ya Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti, na majina yao yalirudishwa mwaka 1984, wote wawili wakiwa marehemu. Filamu ya mtu anayepigilia jina lake kwenye kazi, na kibao chake chenyewe kina jina lisilo lake.

Sasa kasoro, na si ndogo. Mmarekani Shears, anayechezwa na William Holden, anatoroka kambini na kufika Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na filamu inakwenda kupumzika naye ufukweni pamoja na muuguzi. Nilikwenda kuangalia mboga jikoni na nikarudi bila kupoteza kitu. Anaporudishwa msituni kulipua daraja, mizigo inabebwa na wasichana wa Kisiam ambao hawana neno la kusema isipokuwa kutabasamu, kuwasafisha wanaume na kumpenda mmoja wao. Mdogo wangu alisema ni warembo. Mama akauliza nani aliwalipa.

Zaidi ya hapo kuna uongo ambao mtu wa reli hawezi kuumeza. Ukiitazama filamu utadhani wahandisi wa Kijapani hawakujua kuchimba hata shimo la choo mpaka Mwingereza alipowafundisha. Reli ya kweli ilikuwa na urefu wa kilomita 415, na wahandisi hao ndio walioipanga na kuimaliza Oktoba 1943, kwa muda wa zaidi kidogo ya mwaka mmoja. Ukatili ulikuwa wao, lakini ujuzi nao ulikuwa wao.

Na waliokufa? Wafungwa wa nchi za Magharibi waliofia njiani ni zaidi ya 12,000. Vibarua wa Kiasia, Watamili, Wamalaya, Waburma, Wajava, wanakadiriwa kufikia 90,000. Katika filamu hawapo. Hili linanikera mimi niliyezaliwa hapa, maana vita hiyo hiyo ilipita mji huu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, waliodai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi na askari hapahapa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwenye kiwanja cha mpira. Hawakuwa na kijitabu cha Geneva mfukoni. Kuna Wakongo pia waliofika Burma yenyewe, kikosi cha matibabu kilichokwenda na majeshi ya Waingereza. Siombi David Lean awaweke wote kwenye picha moja. Ninasema tu kwamba tanuri la Nicholson lina dakika nyingi mno kwa filamu isiyo na dakika moja kwa hao wengine.

Mwisho tuligombana, na bado tunagombana. Maji ya mto yanapungua usiku, asubuhi waya wa baruti unaonekana, na Nicholson ndiye anayeugundua. Anamwongoza Saito kuufuata. Anapambana na kijana wa upande wake mwenyewe ili kuliokoa daraja, kisha anamwona Shears, anajiuliza amefanya nini, kombora linamjeruhi, anayumba na kuanguka juu ya kitufe cha kulipulia. Je, alitaka, au alianguka tu? Katika riwaya ya Boulle daraja halilipuki, linabaki limesimama, na mimi naona huo ndio mwisho wenye ujasiri. Filamu ilikuwa imejenga daraja la kweli la miti huko Ceylon na kununua treni ya kweli, ikawa lazima vianguke. Papa hakubaliani. Anasema alianguka tu, na hivyo ndivyo inavyopaswa, kwa sababu mtu kama yule hawezi kuiharibu kazi yake kwa akili timamu. Treni ilipotumbukia mdogo wangu alipiga makofi. Papa alisema, “Kichwa kizima kile, kinaweza bado kuvuta.”

Ukiitafuta, angalia kwanza picha. Ilipigwa kwa CinemaScope, upana wake ni mkubwa kuliko kioo cha televisheni. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa imekatwa pande zote mbili ili ijaze kioo. Nicholson na Saito wanabishana na unaona pua ya mmoja tu. Ile niliyoitazama mara ya tatu ina mistari mipana myeusi juu na chini, na daraja lote linaonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Papa amekwisha niagiza nimpelekee hiyo Jumapili.