Pangani: anzia mtoni, ufukwe wa Ushongo utakusubiri

Wengi wanaokwenda Pangani hawauoni mji. Wanafika kutoka Tanga, wanavuka na pantoni kwenda Bweni, wanashika njia ya Ushongo na kulala kwenye mchanga mweupe. Wakirudi makwao wanasema wamefika Pangani. Ushongo ni pazuri, sibishi. Lakini sisi tulilala mjini, ukingo wa kaskazini wa mto, na ningeshauri mtu yeyote anayependa historia ya pwani yetu afanye hivyo. Nilikuwa na mama yangu mdogo pamoja na binti yake, watu wa umri tofauti na miguu tofauti, kwa hiyo ninayoyasema hapa yamepimwa na wote watatu.

Cha kwanza tulichofanya, na ndicho ninachokisifu kuliko vyote, ni safari ya boti mtoni. Mwongozaji tulimpata kupitia ofisi ya utalii wa kitamaduni hapohapo mjini, kijana mzaliwa wa Pangani, na yeye ndiye aliyetutafutia nahodha. Boti ya kwanza tuliyooneshwa haikuwa na maboya ya kuvaa, tukaikataa. Ya pili ilikuwa nayo ya kututosha wote, injini inawaka vizuri, na nahodha wake ni mtu mzima aliyeitikia shikamoo zetu bila kuacha kutazama maji. Bei tulipatana kabla ya kupanda. Bei hapo ni ya boti nzima, kwa hiyo mkiwa kundi inakuwa nafuu.

Tulitaka kuondoka saa tisa alasiri. Nahodha akakataa. "Subirini maji yaanze kujaa," alisema, "yatupandishe yenyewe." Na kweli, bahari inapojaa huingia ndani ya mto na kuusukuma kurudi nyuma, basi boti inapanda kwa wepesi, na maji yanapoanza kupwa unarudi nayo. Mtu akikuahidi safari ya mto bila kukutajia maji, mwulize. Kama hajui ratiba ya kujaa na kupwa siku hiyo, tafuta mwingine.

Ukiwa majini ndipo mji unapoeleweka. Kutoka barabarani Pangani inaonekana kama mji mdogo uliochoka, nyumba za mawe zenye kuta zinazomomonyoka na maduka yaliyofungwa. Kutoka mtoni unaona kwa nini ulijengwa pale: mdomo wa mto uliojificha, ukingo wa kutia nanga, na nyuma yake bonde linaloingia bara. Mto huu unabeba maji ya Kilimanjaro na Meru. Mito ya Kikuletwa na Ruvu inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha maji yanateremka kupita Korogwe na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani hadi kufika hapa, safari ya karibu kilomita 500. Misafara mingi ya karne ya 19 iliyokwenda Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai kutafuta pembe za ndovu ilianzia na kuishia mji huu. Richard Burton na John Speke nao walipita hapa mwaka 1857, wakapanda na bonde hili kwenda Usambara, kabla ya safari yao kubwa ya kwenda Ziwa Tanganyika.

Mikoko inaanza mara tu ukiuacha mji, halafu inafuata minazi, mingi sana, imepangwa hadi kando ya maji. Tuliona furukombe juu ya mti mkavu, nyangenyange wengi, na mamba mmoja aliyejitupa majini kabla binti hajatoa simu. Usitie mkono majini. Nahodha alisema hivyo mara moja tu, kwa sauti iliyotosha.

Yeye ndiye aliyetueleza jambo ambalo sikulitarajia kwenye matembezi ya kitalii. Maji ya chumvi, alisema, siku hizi yanapanda mbali zaidi kuliko zamani. Mto umepungua nguvu, kwani huko juu kuna mabwawa na mashamba ya umwagiliaji, na maji matamu yanayofika huku hayatoshi kuizuia bahari. Mashamba yaliyokuwa yakioteshwa mpunga kando ya mto yameharibika. Kwenye mdomo wa mto, ukingo wa upande wa mji umekuwa ukiliwa na mawimbi mpaka ukajengwa ukuta. Namshukuru kwa kutuambia. Angeweza kutuonesha ndege tu na kuchukua fedha yake.

Upande wa kusini wa mto kuna Kikogwe. Kwa macho ni mashamba ya kawaida, lakini mkonge wote uliotawala uchumi wa Tanganyika unaanzia hapo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida; iliyofika hai ni 62. Hiyo 62 ndiyo iliyopandwa Kikogwe, na baadaye nchi ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kabisa wa mkonge duniani. Mama mdogo, ambaye babake alikuwa manamba kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe, alinyamaza muda mrefu aliposikia hesabu hiyo. Kisha akaanza kutusimulia habari za babu ambazo mimi sijawahi kuzisikia.

Asubuhi iliyofuata tulitembea mjini. Saa mbili zinatosha kuumaliza, ila mwongozaji mzuri atakufanya utumie zaidi. Utaoneshwa Boma la zamani na mlango wake wa nakshi, jengo la forodha, nyumba iliyokuwa ghala la watumwa, na mtaa wa maduka ya Wahindi wenye vibaraza na roshani za mbao. Kuhusu Boma utasimuliwa kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili jengo lisimame imara. Mwongozaji wetu alilitaja kama simulizi ya wazee, hakulipamba, na nilimheshimu kwa hilo. Majengo haya ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti yanahitaji mkono wa fundi kila baada ya masika. Mengi hayaupati. Tuliona ukuta mmoja ambao mtini umeshaupasua katikati, na nilisikia uchungu hasa.

Kwangu kiini cha matembezi ya mji ni habari ya Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Sote tulisoma jina lake shuleni, mstari mmoja au miwili, lakini kuisikia palepale ilipotokea ni jambo jingine. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kuchukua mamlaka ya pwani, ikiwa na mkataba iliyouwekeana na Sultani wa Zanzibar. Hapa Pangani wakala wake, Emil von Zelewski, aliidharau bendera ya Sultani pamoja na watu wake, na mwezi uliofuata watu wa Pangani wakamzingira yeye na wenzake ndani ya nyumba yao. Aliyekuja kuwatoa ni Lloyd Mathews, kamanda wa jeshi la Sultani. Vita ikaenea pwani nzima, kutoka Tanga hadi Lindi na Mikindani. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann na askari wa kukodi, Pangani ikatekwa Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri akanyongwa hapahapa mjini. Zelewski naye hakufika mbali: mwaka 1891 aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo.

Nilichokipenda ni kwamba kijana hakusimulia kwa kukariri. Alituambia pia kwamba Abushiri alikuwa na mashamba ya miwa na watumwa wa kuyalima, kwamba mji wenyewe ulikuwa umegawanyika, na kwamba waliopigana hawakupigania jambo moja. Mwongozaji anayekuambia na upande usiopendeza ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Kama ningetakiwa kutoa nyota, ningempa zote tano.

Chakula nitakipita haraka: asubuhi vitumbua na chai ya tangawizi kwa akina mama wa karibu na stendi, mchana samaki wa kukaanga na wali wa nazi. Vyote vizuri, hakuna cha kulalamikia.

Kisiwa cha Maziwe ni safari nyingine kabisa, ya baharini, na kwa hapo nina angalizo. Ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, mahali muhimu sana pa kasa kutaga. Miti ikaondoka na mchanga ukaifuata. Kasa wa kijani bado wanakuja, na kwa kuwa bahari ingeyazamisha mayai, watu wa Ushongo huyahamishia ufukweni kwao na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Kuogelea kwa miwani juu ya matumbawe kulimfurahisha binti kuliko kitu chochote cha safari hii. Mimi na mama mdogo jua lilituchoma, maana kivuli hakuna hata cha kukalia mtu mmoja. Nenda siku za bamvua, maji yakipwa sana, ubebe mwavuli na maji ya kunywa ya kutosha. Kiingilio kipo kwa sababu ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo hakikisha kimo ndani ya bei uliyopatana na udai risiti.

Wakati wa kurudi Tanga usiipite Tongoni. Iko kilomita zipatazo 17 kabla ya kufika mjini Tanga: magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yenye nguzo ndefu, kando ya mikoko. Meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya karibu na hapo Aprili 1498, na Januari 1499 aliporudi akaichoma, kwa kuwa hakubaki na mabaharia wa kutosha kuiendesha. Tulikaa kama nusu saa, na mlinzi wa mahali alijibu kila tulilouliza.

Msimu wa masika, Machi hadi Mei, ningeuepuka, kwa sababu ya mvua na pia kwa kuwa mto hujaa tope. Kusi ikivuma kwa nguvu, safari ya Maziwe huahirishwa, na nahodha akikwambia bahari imechafuka usimbembeleze. Kwa wenye wazazi watu wazima: mtoni hakuna ngazi ya maana ya kushukia botini, kuna mteremko wa matope na mkono wa nahodha. Mama mdogo, mwenye goti bovu, aliweza kwa sababu tuliomba boti isogezwe hadi gati la pantoni wakati pantoni iko ng'ambo. Liombeni mapema, siku mnapopatana bei.