Kisigino kinauma asubuhi? Anza kununua hivi

Ukiamka ukaweka mguu chini ukasikia kama umekanyaga msumari, ukitembea kidogo inapoa, ukikaa muda mrefu ukiinuka inarudi, mara nyingi huo ni ule utando mgumu wa chini ya wayo unaotoka kwenye mfupa wa kisigino mpaka vidoleni. Usiku umelala unajikaza, asubuhi unaunyoosha ghafla na uzito wote juu yake, ndo maana hatua ya kwanza ndo mbaya kuliko zote. Mimi nimekaa nao miezi saba, hela nyingi niliipotezea kwenye vidude vidogo vidogo wakati viatu vyangu vilikuwa vimekwisha.

Namba moja ni viatu, na hapa usiwe na haraka. Dukani achana na jina, shika kiatu mkononi. Bonyeza ile sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino, ikibonyea kama karatasi kirudishe. Kikunje, kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati ujue utando wako ndo utafanya kazi yote. Halafu kisokote kama unakamua nguo, kikisokoteka kirahisi hakifai. Nyuma kiwe kimeinuka kidogo kuliko mbele. Jaribu jioni, miguu huwa imejaa kidogo. Na tafadhali nunua na sandali nzuri za kuvaa ndani, ziweke pembeni ya kitanda kabisa, maana ukitembea peku kwenye sakafu ngumu kila asubuhi kiatu kizuri cha mchana hakitakusaidia sana.

Namba mbili, soli za kuweka ndani ya kiatu. Chukua zile za tayari, za kupimiwa mguu ni ghali sana na tafiti zilizozilinganisha hazijaona tofauti ya maana. Iwe ngumu kiasi pale kwenye upinde wa wayo, zile laini kama sponji ni tamu siku ya kwanza tu halafu zinalala. Toa soli ya zamani kwanza, la sivyo kiatu kitakubana.

Tatu ni kifaa cha usiku kinachoshikilia wayo nyuzi 90 na mguu ili utando usijikaze. Hiki nunua kama maumivu ya asubuhi yamegoma kwa miezi, kile kigumu wengi wanakivua saa nane usiku, soksi yenye mkanda wa kuvuta vidole inavumilika zaidi. Tepu ya michezo inasaidia siku chache ukifungwa na anayejua.

Mpira wa kukanyagia usinunue. Gandisha chupa ya maji, vaa soksi, uisugue kwa wayo dakika 10, ila kama una kisukari na miguu imekufa ganzi barafu acha kabisa. Soli za sumaku pia acha, zilipopimwa hazikushinda za kawaida.

Na kabla hujashuka kitandani vuta vidole kuelekea kwako sekunde 10, rudia mara 10, hii ni bure na kwangu ndo iliyobadilisha asubuhi. Wengi wanapona ndani ya mwaka bila upasuaji. Ila kisigino kikivimba, kikifa ganzi, kikiuma hata umelala, au ukikibana pembeni kwa viganja ukaruka kwa maumivu, nenda hospitali kwanza, mfupa unaweza kuwa na ufa.